Mti Ndani ya Jicho la Baba

Mbulumbulu,
9 Mei 1981

Mdogo wangu Piusi,

Mvua huku imenyesha vizuri, na yule ndama uliyemwacha mgonjwa amepona.

Baba tumemrudisha kutoka hospitali juma lililopita. Jicho la kushoto wamelitoa. Alimwambia daktari kwamba alichomwa na bua kavu la ngano. Daktari akatazama nje dirishani, ngano mashambani bado ya kijani, wala hakuuliza tena.

Kabla ya operesheni daktari alimmulika jicho hilo kwa kurunzi ndogo. Baba akashtuka, akasema anaona mti mkavu usio na majani. Daktari akaeleza kuwa ni kivuli cha mishipa yake mwenyewe ya damu, inayoingia kwa nyuma ya jicho na kutawanyika kama matawi. Akasema ataibana kwanza ndipo akate, damu isije ikamwagika nyingi.

Basi, aliibana, akaikata. Kile kishimo nakiosha mwenyewe kila asubuhi. Lakini Baba anasema mti bado upo, upande ule ule usio na jicho, na chini yake amesimama mtu.

Piusi, fimbo yako ipo pale pale nyuma ya mlango. Sijamwambia mtu, na Baba hajamwambia mtu. Usidhani nimekusamehe.

Jana nilimuuliza Baba huyo mtu wa chini ya mti ni nani. Akaishika bandeji.

"Ni Piusi," akasema. "Amekonda sana. Mwandikie aje ale."

Ndiyo nimekuandikia.

Dada yako,
Domitila