Neno Nililompa Mume wa Jeanne

Kasulu,
Jumapili jioni.

Mpendwa Dada Ernesta,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Njombe haijakuamshia tena kifua. Mimi mwili ni mzima. Mvua zimeanza, watu wa huku wako mashambani wanapanda maharage.

Uliuliza ni kazi gani inanizuia kuja likizo. Ninafuatilia wagonjwa ambao moyo ulishindwa kusukuma damu, presha ikaporomoka, mikono ikawa ya baridi. Wengi hufa. Nataka kujua tuliwatibu vipi, na waliotoka hai wanaendeleaje. Ndiyo maana mwezi uliopita nilikwenda Kitahana kumtafuta Jeanne.

Jeanne tulimpokea mwaka juzi, wiki chache baada ya kujifungua, moyo umetanuka na kuchoka. Tulimwekea dripu ya dawa ya kuusaidia moyo, akapata nafuu akarudi kwao. Nilijivunia sana, dada. Nilipofika kwao, wakwe zake walinipokea kwa vigelegele. Mwenyewe alitoka akihema, ameshika tumbo la miezi mitano, akaniambia kwa furaha kwamba Mungu amemwongezea.

Nilimwuliza, mbele za watu, kama hakuambiwa kuwa mimba nyingine ingeweza kumuua. Akamtazama mumewe, Reverien. Reverien akainama, akasema ni kweli mimi, daktari, nilimwambia yeye, ila hakumfikishia mkewe; aliogopa mama yake akisikia mke hazai tena atamtaka aoe mwingine. Jeanne hakumgombeza. Alinigeukia mimi: "Ulipokuwa unamwambia, mimi si nilikuwa palepale kitandani, macho wazi?"

Nilimleta Kasulu siku hiyohiyo. Wiki ya pili moyo ukashindwa tena. Tulihangaika naye, yeye tukampata, mtoto tukamkosa. Alikuwa wa kiume.

Dada, wenzangu wodini wanamlaumu Reverien, nami nimenyamaza. Kweli yenyewe ni hii: mwaka juzi nilimsikia Jeanne na mumewe wakisemezana Kirundi, nikajiambia mwanamke huyu hatanielewa. Nikamwita mume pembeni. Sikumjaribu Jeanne hata kwa salamu. Kumbe kazaliwa hukuhuku, na kanisani kwao ndiye anayesoma Neno, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

Jana niliketi kando ya kitanda chake nikamwambia hayo yote. Alivuta shuka, kisha akasema, "Basi leo niambie mimi. Moyo wangu ukoje?" Nikamweleza mpaka mwisho, na kila alichouliza nikamjibu. Hakunishukuru.

Kesho asubuhi kwenye kikao nitawaambia na wenzangu. Naogopa nyuso zao, lakini siwezi tena kusikia Reverien akisemwa nami nipo.

Nisalimie shemeji, uwakumbatie watoto. Barua hii usimsomee mama. Nikija nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Loyce