Si wa Leo

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kazini. Siku moja kwa wiki, kwenye kiti cha plastiki, lakini ni kazini. Miaka minne tangu nistaafu na ofisi bado inanuka dawa ileile ya sakafu.

Wameniita kwenye kikao cha kuichunguza programu inayopanga nani atembelewe nyumbani na muuguzi, na lini. Akili bandia, wanasema. Kabla yake kazi hiyo niliifanya mimi, muuguzi, miaka tisa, kwa kalamu na mafaili, na hakuna aliyeniitia kikao.

Tuko wanne. Mwezeshaji, msichana wa miaka thelathini hivi, mpole, mkoba umejaa karatasi za rangi. Fundi aliyeitengeneza programu — mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anatafuna kucha. Dereva wangu wa zamani, aliyenizungusha na bendeji zangu mpaka siku ya mwisho. Na mimi na goti langu.

Mwezeshaji kasema hatukuja kuhubiriana maadili, tumekuja kuyashika kwa mikono. Njia ya kwanza: unachukua faili la mgonjwa, unabadilisha kitu kimoja tu, unalirudisha kwa mashine, unaona kama jibu limegeuka. Njia ya pili: kiti kimoja kinaachwa wazi. Ni cha yule anayeamuliwa naye hayupo. Kila mtu kwa zamu anakaa pale na kusema kama yeye. Dereva akaninong'oneza kwamba yeye akikaa pale ataomba likizo.

Nimecheka kama zamani. Siku nzuri, kusema kweli.

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Faili la leo: mama wa miaka sabini na mmoja, sukari, kidonda mguuni. Tukaiambia mashine anaishi peke yake. Ikampa muuguzi kesho yake. Tukabadilisha kitu kimoja — anaishi na mwanawe wa kiume. Kesho kutwa. Sawa. Tukabadilisha tena — anaishi na binti yake.

Siku ya kumi na mbili.

Fundi alidhani kakosea. Akarudia. Kumi na mbili. Mguu uleule, sukari ileile.

Hii programu huandika na sababu, mstari mmoja chini. Mwezeshaji akausoma kwa sauti: "Ana binti nyumbani. Si wa leo."

Akaurudia, polepole. Akasema una baridi huu mstari. Fundi akaapa hakuifundisha maneno hayo. Imeyaokota kwenye mafaili ya zamani waliyoiingizia, na majina ya wauguzi waliyafuta yote kwa ajili ya siri. Dereva akawa anatazama viatu vyake.

Ni maneno yangu. Ni mimi. Niliyaandika pembeni mwa mafaili kwa kalamu nyekundu, sijui mara ngapi, mara mia nne labda. Mkono ulikuwa unaandika wenyewe huku nazungumza na simu. Na leo nimekaa nasomewa sauti yangu na mtu asiyejua ni yangu.

Tulipokuwa tunakusanya karatasi Mwezeshaji akatuambia kwamba faili lile si la kubuni. Mwaka jana. Mama yule alipangiwa siku ya kumi na mbili, akafariki ya tisa. Binti alikuwepo nyumbani, ndiyo. Hakujua kidonda kinachooza kinanukaje mpaka kikawa kimeoza.

Mwaka jana mimi nilikuwa nimeshastaafu. Nilikuwa hapa barazani nachambua mchele. Na bado nilikuwa kule ofisini nampangia foleni.

Nilisema kwaherini.

Jumatano, 12 Machi

Bomba la jikoni linavuja. Mdogo wangu — ndiye ninayeishi naye — kaniuliza kama amwite fundi bomba. Kabla sijafungua mdomo kajijibu mwenyewe: najua, najua, si wa leo. Akacheka akaendelea na ufagio wake.

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza kayatoa wapi maneno hayo. Akaniangalia kama nimeumwa. Kasema si wimbo wako huo, dada, tangu enzi za kazi? Hata watoto wangu walikuwa wanakuigiza.

Basi kumbe nyumba nzima inajua.

Tangu asubuhi namsikia yule niliyekuwa. Nikifungua kabati, nikianika nguo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, anasema haraka-haraka, funguo mkononi, yuko njiani anatoka. Hana ubaya na mtu. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba hana ubaya na mtu.

Au anao. Ngoja niseme, hakuna anayesoma hapa. Nilimuuguza mama yetu miaka mitatu peke yangu. Nilimgeuza, nilimwosha, nilifokewa. Muuguzi wa kumtembelea hakuja hata mmoja. Na nilipopewa kalamu, kila nilipoona neno "binti" nilijiambia mimi niliweza, naye ataweza. Nilikiita uzoefu. Ni kinyongo. Nimewalipizia watu wasionijua, na nikaajiri mashine iendelee nikilala.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi kanipigia. Sauti imemkauka. Wakubwa wanasema kosa ni lake, mkataba wake utaamuliwa wiki ijayo. Lakini kasema usijali Sista, ataliondoa neno "binti" lisionekane kabisa na mashine, na tatizo litakuwa limekwisha.

Halitakwisha. Ni mimi tu ninayejua. Kuna ghorofa. Kuanzia ya tatu kwenda juu, jengo lisilo na lifti, niliandika "hali imetulia". Hali iliyokuwa haitulii ni ya goti langu. Kuna yule mzee mwenye mbwa, na baada yake kila nyumba yenye mbwa niliiahirisha. Kuna waliokuwa wanapiga simu na kufoka — hao niliwatanguliza wanyamaze, na wapole wakasukumwa nyuma. Akifuta neno moja, haya yote yanabaki humo, na hatajua hata pa kuyatafutia. Watu wako juu kule kwenye ngazi sasa hivi wanamngoja muuguzi.

Nikavuta pumzi nimwambie. Nikamuuliza kama amekula.

Jumapili, 16 Machi

Dereva kaja kunisalimia. Hajawahi kuja Jumapili. Akakaa, akasifu mapazia, akalalamika kuhusu matairi, chai ikapoa mkononi mwake. Kisha akasema, bila kunitazama: "Sista, mimi nilikuwa dereva tu."

Nikamwambia najua.

Akasema hata hivyo yale majengo marefu anayakumbuka. Tulikuwa tunapunguza mwendo, mimi natazama juu, halafu nasema twende. Alidhani labda nina orodha nyingine. Kasema hatamwambia mtu, hiyo si kazi yake. Nilitamani angesema atawaambia.

Alipoondoka mdogo wangu akaniuliza tumegombana nini, mbona nimepauka.

Jumanne, 18 Machi

Naandika chooni, hapahapa ofisini. Nimekaa juu ya kifuniko, daftari kwenye goti zima. Nimewaomba dakika tano.

Leo kile kiti hakikuwa wazi. Mwezeshaji alimwalika binti wa yule marehemu, akakubali. Mwanamke wa makamo, kashona sketi yake mwenyewe, mikono imekaa mapajani. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Kasema alipiga simu mara mbili tu, hakutaka kuwasumbua watu. Mpole. Kasema alikuwa anaosha kile kidonda kwa maji ya chumvi na kumwambia mama yake wanakuja, wanakuja. Kasema hakulala kitandani siku tisa. Fundi alilia waziwazi, akamwomba msamaha, akasema kosa ni lake. Yule mwanamke akampa leso.

Halafu akanigeukia mimi. Kasema mama yake alikuwa akinitaja, zamani niliwahi kumfunga mkono jirani yao. Akauliza: "Sista, nyinyi wa zamani, kabla ya haya mamashine, mlikuwa mnaamuaje? Waambie hawa wajue. Wakati wenu kulikuwa na utu."

Dereva akainua macho. Mwezeshaji akachukua karatasi ya njano aandike nitakachosema.

Nikaomba kwenda chooni!

Nimejaribu kuandika sentensi ya kwanza hapa, nikitoka niisome tu. "Yale maneno ni yangu." Nimeikata. "Wakati wetu." Nimeikata. Nimeandika ghorofa, mbwa, wapole. Hata mimi siusomi mwandiko wangu.

Nawasikia kupitia mlango. Fundi anauliza kama aje aniangalie. Yule mwanamke anamkataza. Anasema mwacheni mama wa watu, wauguzi hawa wamebeba mengi, mimi nitakaa naye.

Amekuja. Naona viatu vyake chini ya mlango, na glasi ya maji ameiweka sakafuni. Anasema pole, mama. Anauliza kama goti ndilo linaloniuma, anajua kukanda, alikuwa akimkanda mama yake.