Tangazo Walilosomewa Kaa

Mwanangu mpendwa,

Ninakusalimu kwa upendo wa baba, nikitumaini kwamba wewe na wajukuu wangu mu wazima huko mliko. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hubishana nami kwenye kila ngazi. Uniwie radhi kwa kukuandikia tena kabla hujaijibu barua iliyotangulia.

Maji yameingia ndani. Tangu kampuni ya hoteli ianze kumwaga kifusi katika kinamasi cha mikoko nyuma ya nyumba yetu, bahari ikijaa haina pengine pa kwenda ila chumbani mwa marehemu mama yako. Kabati lake nimelipandisha juu ya matofali.

Nilikwenda ofisi ya vibali kwa heshima zote, nimefunga tai. Karani akaniambia kuwa kibali kilitolewa kihalali, tangazo la maombi lilibandikwa kwenye eneo la ujenzi, na muda wa pingamizi ulipita. Akauliza, mzee, ulikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani, mwanangu! Mimi niliyenyimwa na ofisi hiyohiyo ruhusa ya kujenga choo cha nje, eti nitaharibu ardhi oevu!

Maji yalipokupwa, jirani yetu fundi cherehani alinishika mkono tukalitafuta tangazo hilo. Tulilikuta limepigiliwa kwenye shina la mkoko, upande wa baharini, mahali ambapo maji yakijaa hufunikwa lote, limeganda tope. Fundi alicheka hadi akauegemea mti, akasema kumbe walioalikwa kupinga ni kaa, na kaa wameridhia. Mimi sikucheka. Nilitamka neno ambalo mapadri hawakutufundisha, nami nasikitika.

Sasa nimefika nilipokuwa nikipaogopa. Aliyelichagua shina lile ni mumeo, msimamizi wa ujenzi huo. Nilimfuata huko kwenye ujenzi, nikamuuliza kwa upole. Akanijibu, baba, sheria inataka libandikwe kwenye eneo; haikusema mti gani. Akaongeza kwamba ataniletea kifusi bure niinue sakafu.

Kifusi, mwanangu!

Nimeweka pingamizi kwa jina langu kamili, na fundi amekubali kuwa shahidi. Ujenzi umesimamishwa tangu jana, na mumeo ameitwa kujieleza mbele ya kamati ya vibali. Nimetaka uyasikie haya kutoka kwangu kabla hajakusimulia yeye. Ninakuomba radhi kwa uchungu ninaouingiza nyumbani mwako. Kwa pingamizi lenyewe, siombi.

Wakumbatie wajukuu kwa niaba yangu. Mkwe wangu naye umfikishie salamu, iwapo atazipokea.

Ni mimi akupendaye,
Baba yako