Kilemba Ambacho Hakikurudi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Thika leo, kliniki ya macho. Mimi, na Biji – nyanya wa hii nyumba ya Ruiru ninayofanyia kazi, miaka themanini na minne, kichwa kigumu kunishinda – na mjukuu wake Raj na kilemba chake cha Kalasinga. Nesi akaita, "Tarlochan!" Jina la Kihindi, watu wote wakamgeukia Raj. Raj akatikisa kichwa. Akasimama mzee Mkamba na bakora yake. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kusema kweli.

Biji hakucheka. Alinifinya mkono mpaka pete yake ikaniuma. Tarlochan ni jina la babake, yule wa picha ya sebuleni. Dereva wa lori za jeshi, alifia vitani Ethiopia mwaka wa 1941, miezi mitatu kabla ya Biji kuzaliwa. Nishani yake ya ushujaa iko chini ya picha. Naipanguza vumbi kila Jumamosi.

Biji akaniambia, kimbia Wilkister, uliza nani amempa hiyo jina. Nikampata mzee getini. Anaitwa Tarlochan Kilonzo, anakaa Theta. Akasema alipewa jina la Mhindi aliyemwokoa babake vitani. Nikachukua namba yake ya simu, nikarudi mbio kumwambia Biji.

Jumanne, 7 Oktoba

Biji anataka mzee aje nyumbani. Raj hataki. Anasema siku hizi matapeli wana mbinu. Biji hajagusa chakula tangu jana.

Leo ameniambia sababu. Jeshi lilirudisha vitu vyote vya babake: saa, kitana, bangili ya chuma. Kilemba hakikurudi. Barua ilisema alikutwa kichwa wazi. Kwao mwanamume havui kilemba hivi hivi mbele ya watu. Basi maneno yakaanza hekaluni – eti alikivua kwa woga, maadui wasimtambue. Nishani ukutani, haisemi aliipata kwa tendo gani, na watu wananong'ona. Mamake Biji alikufa akiyasikia.

Na mimi miaka yote nilidhani anaiangalia ile picha kwa mapenzi tu. Kumbe ana swali.

Alhamisi, 9 Oktoba

Raj amekubali. Biji alimnunia siku mbili, nani angeshinda hapo? Mzee anakuja Jumapili. Naogopa. Je, akija na habari mbaya?

Jumapili, 12 Oktoba

Naandikia jikoni. Chai iko kwenye moto. 

Mzee Kilonzo alikuja na suti, na mfuko wa ndengu. Raj akakaa karibu na mlango, amekunja mikono. Biji hakungoja hata salamu ziishe.

"Kilemba ya baba yangu ilienda wapi?"

Mzee akashangaa kwamba hatujui. Babake, Muema, alikuwa utingo wa lile lori. Walishambuliwa wakivuka mto, Muema akavunjwa miguu yote miwili. Tarlochan akafungua kilemba, mita tano za kitambaa, akamfunga Muema mgongoni kama mtoto. Akavuka naye, risasi zinapita, nywele ambazo hazijawahi kukatwa zimemwagika mpaka kiunoni. Akamlaza ng'ambo, kilemba bado kimemzunguka. Akarudi kumchukua majeruhi wa pili. Huyo wa pili hakufika, wala yeye mwenyewe.

"Hicho kitambaa ndicho mama alinibebea mimi, na ndugu zangu sita," mzee akasema. "Kiliisha kwa kufuliwa."

Nilikaa kwenye sofa, kitu ambacho sijawahi kufanya mbele ya wageni. Hakuna aliyeniambia kitu. Miaka tisa naipanguza ile nishani kama ninavyopanguza TV. Sikujua nashika nini. Mtu mwenye mke mja mzito nyumbani, ameshavuka, yuko salama – halafu anarudi.

Biji akainua macho, akaitazama ile picha. Mzee naye akaona afadhali aseme kitu.

"Mama, kwetu sisi Wakamba, mtu akipewa jina la babako, huyo ni babako. Hata kama umemzidi umri."

Akacheka kidogo, kwa haya. Yeye ana miaka sabini na tisa.

Biji akaniambia nimwinue. Nilidhani anataka kwenda choo. Akapiga hatua mbili, akainama – na magoti yale yake! – akamgusa mzee miguu. Kwao ndivyo mtoto anavyomwamkia babake. Miaka themanini na minne, hakuwahi kuwa na wa kumwamkia hivyo.

Mzee haijui hiyo desturi. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Raj. Raj analia. Basi mzee akaweka bakora chini, akamwekea Biji mkono kichwani. Biji hakuinuka. Nikasema wacha nilete chai.

Chai imefurika, imezima moto. Hakuna anayeiulizia. Nimechungulia sebuleni – bado wako vile vile.