Kondoo Haombwi Pasi

Majengo, Meru
25 Februari 1956

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Mwendwa. Miguu yaendeleaje? Mmepata habari za Baba huko kizuizini? Sisi tu wazima. Naandika Kiswahili ili bwana wa serikali anayefungua barua zetu asipate taabu.

Mama, umekuwa nyanya! Mwendwa amejifungua msichana, mweusi kama wewe, na kelele zake ni zako kabisa. Kwa desturi binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, basi jina ni lako. Lakini mzee Muthamia, baba yake Mwendwa, amekataa katakata. Anasema kwetu Embu hakujatoka kondoo wala asali ya posa, basi mtoto ni wa kwake na ataitwa jina la mkewe. Ubatizo ni Pasaka. Nimeomba serikalini pasi ya kusafiri kuja huko nikanyimwa. Nifanyeje?

Mwanao,
Njue

Kijijini, Embu
5 Machi 1956

Wewe Njue,

Salamu zako zimenikuta natoka kuchimba handaki la serikali la kuzungushia kijiji. Miguu ni mibaya. Baba yako hajaandika. Haya, sasa tugombane.

Ulioa mwaka jana, mimi nikasikia sokoni kwa watu! Niliapa sitakuandikia tena. Ona, nimeandika, cheka. Anayeshika kalamu ni Ciakuthii, binti ya mwalimu, naye anacheka sana, mjinga huyu.

Muthamia ana haki, ila usimwambie nimesema. Lakini Njue, nilizaa wavulana watupu, na ndugu yako tukamzika hana mtoto. Hakuna aliyewahi kupewa jina langu. Nikifukiwa, Wambeti amefukiwa. Namtaka huyo mtoto. Nimelia, na Ciakuthii ameacha kucheka.

Wazee wetu hawana pasi. Kondoo haombwi pasi. Mwambie tajiri wako Gedi, yeye si wa kabila letu na barabarani haulizwi pasi, asimamishe lori lake hapa sokoni. Na asimuuze kondoo wangu njiani!

Mama yako

Majengo, Meru
14 Machi 1956

Mama,

Hujambo? Gedi amekubali, atapita huko wiki ijayo, na akirudi atamchukua kondoo. Lakini Muthamia anasema kondoo asiye na mzee wa kumsemea ni nyama tu. Mwendwa hali wala halali. Mama, tutashindwa.

Mwanao,
Njue

Embu
22 Machi 1956

Njue,

Mwambie mkwe wangu Mwendwa ale, mtoto ananyonya nini? Mzee atafika. Usiniulize ni nani.

Mama yako

Majengo, Meru
2 Aprili 1956

Mama, Mama, Mama!

U mzima? Sisi tumecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumamosi lori lilisimama mbele ya nyumba ya Muthamia. Akashuka Gedi, kilemba kichwani, kondoo begani, kibuyu cha asali mkononi. Muthamia akauliza, "Nani anamsemea huyu kondoo?"

Gedi akasema, "Mimi. Leo mimi ni mzee wa nyumba ya Ndambiri, baba yake Njue, kutoka Embu."

Loo! Wazee wakatazamana. Kisha akasema yote uliyomfundisha, tena kwa Kiembu! Kiembu kibovu, lakini Kiembu. Kwamba baba wa nyumba amefungwa, mama amenyimwa pasi, na wanaomba radhi kwa kuchelewa. Halafu akaongeza yake: kondoo amemlilia sikioni tangu Embu, wakimkataa, yeye hamrudishi ng'o!

Muthamia alicheka mpaka akakaa chini. Akamlambisha Mwendwa asali, alama ya kukubali posa, kisha akamlambisha Gedi, akamwita "mkwe mwenzangu".

Jana kanisani Muthamia mwenyewe ndiye aliyetaja jina. Aliposema "Wambeti," niligeuka kutazama mlangoni, nikidhani umefika. Nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Leo asubuhi Wambeti mdogo amenikojolea mapajani. Nikaanza kumgombeza, Mwendwa akanikatiza: "Njue! Ndivyo unavyoongea na mama yako?" Ikabidi nimwombe mtoto msamaha. Akanikojolea tena.

Mtoto wa Wambeti na baba wa Wambeti,
Njue