Betri Mpya na Betri Kuukuu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Namawala mafuriko yamechukua mpunga wote. Babu yako anakusalimu.

Unauliza kama unaweza kuunga sambamba betri yako mpya ya sola na ile kuukuu. Usiunge. Ziwe za aina moja, umri mmoja, na uzipime kwanza zilingane chaji.

Nilipoolewa nilitaka redio yetu, iliyotumia betri za gari, isizime mapema. Babu yako akasema, "Subiri tuzipime." Sikusubiri. Niliunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, lakini moja ilijaa na nyingine ilikwisha. Cheche iliruka, betri ikapasuka, maji yake ya asidi yakamwingia babu yako machoni. Mimi ndiye niliyempofusha, Neema.

Hajawahi kunilaumu. Giza likiingia huniuliza, "Umewasha taa?" Namjibu nimewasha, kisha nakaa naye gizani.

Bibi yako