Nilimsamehe Minza kwa Kosa Langu

Nkololo, Bariadi
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na mama. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na goti la mama liwe limepata nafuu baada ya baridi ya huko milimani kupungua. Mimi afya ninayo. Huku jua ni kali, pamba imepasuka, na watu wote wako mashambani. Hata wanafunzi wetu wanakuja shule vidole vimechanika. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe unasikia nusu na nusu unajaza mwenyewe, na jambo hili sitaki ulijaze. Nina aibu, baba. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Nianze na uongo mdogo. Mama aliniambia kwamba pale usharikani unawatambia wenzako kuwa binti yako amepandishwa, sasa anafundisha Kiingereza. Sikupandishwa. Mimi nilisomea Maarifa ya Jamii, wewe unajua. Mwalimu wa Kiingereza alihama, vipindi vikakosa mtu, nikaambiwa nishike. Kila jioni nausoma ukurasa ambao kesho yake nitawafundisha watoto, basi. Ukiwaona hao wenzako, waambie binti yako anajifunza Kiingereza, hapo utakuwa umesema kweli.

Sasa lile kubwa. Mwezi uliopita nilikuwa Darasa la Sita. Nikaandika ubaoni neno "fire", nikawaambia maana yake ni moto, andikeni. Kuna msichana anaitwa Minza, mwembamba, mwenye sauti ndogo, anakaa dawati la mbele. Akanyoosha mkono akasema neno hilo lina maana nyingine. Nikamwuliza zipi. Akasimama. Akasema ni kufyatua bunduki. Akasema ni kumfukuza mtu kazi. Akasema ni kuchoma vyungu mpaka vikomae, na pia kumwuliza mtu maswali mfululizo bila kumpa nafasi ya kuhema. Alikuwa bado anaendelea.

Baba, mimi sikuwa nimewahi kusikia hata moja. Mwalimu mwenye akili angesema, ngoja nikaangalie. Mimi damu ilinipanda. Niliona macho ya darasa zima yananisubiri, nikamnyooshea chaki. "Haya, mwalimu mpya, njoo utufundishe. Hivyo vyungu vya kwenu navyo vimejua Kiingereza?" Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka nao, na hicho kicheko changu ndicho kinachoniuma kuliko cha watoto. Juu ya dawati alikuwa na kamusi kuukuu iliyotoka jalada, aliyopewa na katekista wa kigango chao. Nikaichukua, nikasema kitabu kisicho cha shule hakiingii darasani kwangu.

Watoto walipotoka nikaifungua ofisini. Neno lile moja lilikuwa limejaza karibu safu nzima. Bunduki ilikuwepo, na kufukuzwa kazi, na vyungu, na maswali. Kulikuwa na nyingine ambazo Minza hakuwahi kuzifikia, hata ari inayowaka moyoni mwa mtu. Nikakumbuka kwamba sisi wenyewe utotoni, tukishuka Same mjini, gari la zimamoto tuliliita faya, wala sikuwahi kujiuliza tulilitoa wapi. Nilisoma mpaka mwisho, nikaifungia kamusi kabatini, nikanyamaza.

Wenzake wakaanza kumwita Mwalimu Faya. Haikupita wiki, Minza akaacha kuja shule. Tukasikia yuko shambani anachuma pamba, na baba yake, Mzee Masunga, amesema kama shule imemshinda basi, kazi nyumbani ipo. Huyo ndiye mtoto ambaye walimu wote tulikuwa na hakika atafaulu mwakani.

Nikaona niende. Ijumaa baada ya vipindi nilipanda baiskeli, njia nzima nakariri: Mzee Masunga, mwanao alikuwa sahihi, aliyekosa ni mimi. Lakini huku mgeni hasemi lililomleta kabla hajala. Mama yake Minza, mtu mzima ambaye angeweza kunizaa, alipiga magoti kunisalimu. "Mwadila, mwalimu." Nikapewa kiti kimoja chenye mgongo. Likaja bakuli la michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vikakaushwa, pamoja na maziwa mgando. Nikala. Ningali natafuna, Mzee Masunga akaanza yeye.

"Mwalimu, wabeja sana kwa kuja. Sisi hatukusoma, lakini adabu tunaijua. Mtoto kubishana na mwalimu mbele ya wenzake, hapana. Ametuaibisha. Nimeshamchapa. Minza, njoo hapa."

Minza akaja na vinyuzi vya pamba kwenye nywele. Akapiga magoti mbele yangu. "Nisamehe, mwalimu. Nilikosa."

Maneno niliyoyakariri yalikuwa kwenye ulimi pamoja na viazi. Baba yake ananitazama, mama yake ananitazama, wote wawili wamefurahi kwamba mwalimu ametoka mbali kwa ajili ya mtoto wao. Nikasema, "Nimekusamehe."

Ndivyo nilivyosema, baba. Nilimsamehe mtoto kosa la kuwa sahihi. Wakati wa kuondoka walinifungia tetea, nikamning'iniza kwenye baiskeli, nikashukuru. Kesho yake nikamchinja na kumla. Hata hilo sikufichi.

Jumatatu Minza alirudi. Anawahi, daftari lake ni safi, lakini mkono haunyanyuki tena. Wiki iliyopita nikajaribu njia ya mkato. Nikaliandika tena neno lile ubaoni, nikauliza kwa sauti ya asali, "Nani anajua maana zake nyingine? Minza?" Nilitaka azitaje ili nimsifu, mambo yaishe bila mimi kukiri chochote. Akasimama, macho chini.

"Fire ni moto, mwalimu," akasema. "Basi."

Akaketi. Hakuna aliyecheka. Kipindi kilichobaki sijui nilifundisha nini.

Jana nikarudi kwa Mzee Masunga. Safari hii nilikataa kiti. Nilisema nikiwa nimesimama kwenye mlango wa zizi, baiskeli mkononi, ng'ombe wakiingia. Nilisema yote, kamusi na kicheko na msamaha wangu wa uongo. Aliwahesabu ng'ombe mpaka ndama wa mwisho akaingia. Nilitegemea ama atanifukuza, ama ataniambia yamekwisha niende zangu.

"Mwalimu, mimi umenieleza bure," akasema. "Mimi sikuchekwa. Kawaambie waliocheka." Akafunga zizi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilimpiga mtoto kwa kosa lako. Langu nitalimaliza na yeye mwenyewe. La kwako liko shuleni."

Kwa hiyo kesho asubuhi, mstarini, mbele ya shule nzima na walimu wenzangu, nataka nimwite Minza, nimpe kitabu chake, niseme alikuwa sahihi, mimi sikujua, na nilipojua nilinyamaza. Naogopa sana. Najijua mimi: jioni naamua, asubuhi natafuta sababu. Nitasema mwalimu mkuu atakasirika, nitasema watoto watanidharau, nitasema mtoto mwenyewe ameshasahau. Ndiyo maana nakuandikia leo, kabla sijasema. Mwenzangu mmoja anakwenda Bariadi mjini alfajiri, nitampa aipeleke posta. Ikishatoka mkononi mwangu siwezi kuifuata.

Nisalimie mama, umwambie asilie, ni aibu tu, si ugonjwa. Nisalimie shangazi Nakunda na tangawizi zake za sokoni. Kaka Elinami, fundi wetu wa cherehani, mwambie sare aliyonishonea bado inanikaa vizuri. Na bibi, mtu amsomee salamu tu, haya mengine ayaruke.

Likizo nitakuja. Nikifika, kabla sijatua begi, niulize kama nilisema. Nikikujibu kwamba sikusema, usiitikie shikamoo yangu.

Ni mimi mwanao,
Eliwaza